Re: HF ya nini wakati VHF ipo?
Kaka, umeuliza kama mdogo wako anayetoka hapa Ujiji kwenda kwenye meli ya mizigo ya Komoro ajifunze HF (redio ya meli ya kufika mbali) wakati VHF (redio ya meli ya karibu) chaneli 16, ile ya kuita na kuomba msaada, ipo. Ajifunze aisee, tena mapema. VHF inaenda kama jicho, hata huku ziwani mlima ukikaa katikati husikiki, sasa fikiria bahari kuu pwani haionekani kabisa. HF inagonga juu angani inarudi chini mamia ya kilomita mbele, ila inafuata jua, usiku akiomba msaada aanze na masafa (namba ya mawimbi ya redio) ya chini kama 4125 kHz, mchana apande 8291 au 12290, akikosa jibu ahame asing'ang'anie hapo hapo.

Kama redio ina kile kitufe chekundu cha dharura chenye kifuniko, afunue akibonyeze akishikilie mpaka itume, halafu ndo aongee: Mayday (neno la kuomba kuokolewa) mara tatu, jina la chombo mara tatu, yupo wapi, tatizo nini, watu wangapi. Kisha aachie kitufe cha maiki asikilize, ukikibana kwa hofu jibu haliingii. Maneno hayo ayaandike na makapeni abandike pembeni ya redio, bahari ikichafuka kichwa kinasahau hata jina la meli.