Mkulima wa tumbaku anauza kwa dola na bado anadaiwa: niliyoyaona nikiwa karani wa AMCOS

Mkuu, umesema baba mkwe wako kule Kaliua, Tabora, anashawishiwa ajiunge na chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, yaani AMCOS, alime ekari tatu za tumbaku, na wewe unasikia wakulima wa huko wanauza kwa dola lakini wanamaliza msimu na madeni. Unauliza wizi unafanyika wapi. Waliotangulia wamekujibu "kwenye mizani" na "kwa mteuzi", yule anayepanga madaraja ya tumbaku sokoni. Mimi nilikuwa karani wa AMCOS moja wilaya ya Urambo kwa misimu miwili. Jina la chama naomba nibaki nalo. Mizani inaiba, sikatai, ila inaiba kilo. Wizi mkubwa unakuwa umeshaisha kabla mche haujang'olewa kitaluni.

Unaanzia kwenye makisio. Tumbaku ya msimu huu ikiwa bado iko sokoni, chama kinaanza kuandikisha nani atalima ekari ngapi msimu ujao. Hapo ndipo inapigwa hesabu ya mbolea, mbegu, dawa, juti za kufungia tumbaku na nyuzi. Mkutano mkuu unapitisha ukomo wa madeni, yaani mwisho wa chama kukopa, Mrajisi wa vyama vya ushirika akiuridhia, chama kinakwenda benki. Mkopo unatoka kwa jina la chama. Usilisahau hilo, nitalirudia.

Kwenye daftari letu alikuwemo fundi baiskeli wa pale senta. Hana shamba, hana bani la kukaushia tumbaku, jani bichi la tumbaku sidhani kama aliwahi kulishika. Nilimwandika ekari sita kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa katibu meneja aliniletea jina kwenye kikaratasi akasema, "Na huyu naye." Fundi alipewa shilingi 20,000, akasaini. Mifuko yake ya mbolea ya NPK ilishushwa ghalani mchana, ikapakiwa usiku, na wiki ileile wenye mashamba ya mahindi wakawa wanaigombania kwa bei ya kutupa. Wa aina yake nilihesabu 11. Hao ni niliowajua mimi. Wajumbe wa bodi hawakuhitaji hata jina la kuazima, mwenye ekari mbili alijiandikia nane na maisha yakaendelea.

Masoko yalipofika, tumbaku ya watu hao haikuonekana. Taarifa iliyosomwa ikasema imepigwa na mvua ya mawe. Sasa mvua ya mawe Urambo ipo kweli, mwaka wa nyuma yake ilimtoboa mama yangu ekari nzima. Lakini hii ya kwenye taarifa ilikuwa na macho: iliruka mashamba yaliyopo, ikaangukia yasiyokuwepo.

Turudi kwenye lile jina la mkopo. Fedha za mauzo ya wanachama wote zinaingia akaunti ya chama. Benki inakata kwanza chake chote na riba yake, maana inayemdai ni AMCOS, fundi baiskeli haimjui. Kinachosalia ndicho kinachogawanywa. Mama alifunga mitumba tisa, yaani marobota ya tumbaku, msimu ule, na kwa hesabu zangu mimi mwenyewe deni lake liliisha kwenye mtumba wa nne. Alipokwenda kuchukua masalio akaambiwa asubiri, chama bado hakijatoka kwenye deni. Alisubiri mpaka masoko ya mwaka uliofuata. Orodha ya wanaosubiri nilikuwa naiandika mimi.

Ya mteuzi nayo ni kweli, sitakaa sana. Mtumba wa mjumbe unapanda daraja, wa mama mjane unarudishwa ukachambuliwe upya, na mtu aliyelala sokoni siku mbili atatoa tu kitu kidogo aondoke. Dola nazo: bei iko ubaoni kwa dola kwa kilo, mkulima anapiga hesabu kwa kiwango alichokisikia redioni, fedha inakuja kwa kiwango cha siku ambayo benki imeibadilisha.

Kuna aliyesema hapo juu afadhali serikali inunue yenyewe kama zamani. Baba yangu alilima zama hizo. Ushirika ulipofutwa 1976, mamlaka za mazao ndizo zilizokuwa zikinunua, na anavyosimulia yeye, alikuwa anakaa na karatasi ya malipo miezi kadhaa bila kuona shilingi. Sheria ya kurudisha ushirika ikaja 1982. Daftari lilihamia meza nyingine. Na Urambo hii hii, kabla ya tumbaku, Waingereza waliipanga kwa karanga kwenye makaratasi. Mradi ukavunjwa 1951. Ardhi hii imezoea kulimwa ofisini.

Utauliza wakaguzi walikuwa wapi. Walikuja. Walikuta saini ipo, stakabadhi ipo, nakala zimepangwa kwa tarehe. Nilizipanga mimi. Hakuna aliyeomba baiskeli akahesabu mabani.

Kwa hiyo mzee wako akijiunga, siku ya makisio asisikilize jina lake tu. Adai yasomwe yote na ekari zake, ni haki yake kama mwanachama, na akisikia jina la mtu asiye na bani aulize liko upande gani. Asiulizie hela. Hela watamjibu kwa karatasi.

Kwetu aliyeuliza alikuwa mama. Mkutano mkuu, chini ya mwembe, baada ya kusomwa ile mvua ya mawe. Alisimama, hakumtazama mwenyekiti, alinitazama mimi.

"Wewe ndiye uliyeandika, mwanangu. Bani la fundi liko upande gani?"

Nikaangalia daftari kana kwamba jibu limo. Watu wakacheka. Kisha mzee mmoja akasema si mbali, twende tukalione, na wakanyanyuka kweli, karibu mkutano mzima, kuelekea senta. Tukabaki mimi, bodi na viti. Mwenyekiti akaniambia niandike kwenye muhtasari kwamba kikao kimeahirishwa kwa kuwa akidi haikutimia.