Kabla mashine haijagusa ukuta

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kubomoa, shika hili kwanza: sumu iliyomo ndani ya jengo hutolewa jengo likiwa limesimama. Likishaanguka, asibesto (madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kukinga joto na moto, yanayoleta saratani) ya kilo chache inachanganyika na kila tofali, na kifusi chote kinakuwa taka hatari. Hapo hakuna wa kuichambua tena.

Kwa hiyo siku za mwanzo ni za tochi na daftari. Uliza jengo lilijengwa mwaka gani na lilikarabatiwa lini, kisha pita chumba kwa chumba, juu ya dari hadi chini ya sakafu. Ukarabati ndio unaoficha mambo. Mwaka wangu wa pili kazini niliandika kwamba korido moja ni safi, kwa sababu kuta zake zilikuwa za jipsamu mpya. Fundi mmoja mzee akanirudisha, akalowanisha sehemu, akatoboa tundu dogo, akaniambia nimulike. Nyuma yake lilipita bomba la zamani la maji ya moto, limeviringwa ganda jeupe lililochanika, na chini yake unga umelala. Majibu ya maabara yalikuja: asibesto. Tangu siku hiyo siandiki "safi" mahali ambapo sijaona nyuma yake.

Usidanganyike kwamba utaijua kwa macho. Vigae vya sakafu, gundi yake, mabati ya saruji, dari zenye chengachenga: chenye asibesto na kisicho nayo vinaweza kufanana kabisa. Anayejibu ni hadubini ya maabara. Aliyefundishwa kuchukua sampuli hunyunyiza maji yenye sabuni kidogo, hukata kipande kinachofika tabaka la chini, hukifunga kwenye mifuko miwili, huandika kilipotoka, kisha huziba tundu.

Wenzako watakucheka kwa tahadhari hizi, maana asibesto haiwashi wala haikohozeshi siku hiyo. Saratani yake mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi zile. Inatakiwa yenye kichujio cha P3, yaani cha daraja la juu la kuzuia vumbi, iliyopimwa usoni mwako, na ndevu zinavujisha pembeni. Ovaroli usiende nayo nyumbani, nakusihi. Wako wake za mafundi waliougua kwa kufua nguo tu.

Mengine nayapitia haraka. Rangi za zamani mara nyingi huwa na madini ya risasi, kwa hiyo usizichome kwa moto wala kuzipiga msasa kavu. Taa za mirija zisizo za LED zina zebaki. Zitoe nzima, zipange kwenye boksi. Choki za taa hizo (vifaa vinavyodhibiti umeme wake) na transfoma zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 zinaweza kuwa na mafuta ya PCB, kemikali yenye sumu. Gesi ya viyoyozi na friji inafyonzwa na fundi mwenye kifaa chake, haiachiwi hewani. Ukiona bomba la hewa limechomoza ardhini bila sababu, tafuta tangi la mafuta lililozikwa. Na kinyesi cha popo au ndege darini kisifagiliwe kikavu, kinaweza kuwa na vijidudu vya ukungu vinavyoingia mapafuni.

Vyote vikishaondolewa, rudi ndani na orodha yako, upige tiki ukiwa umesimama mbele ya kila sehemu. Kisha mwite mwendesha mashine mpite wote wawili, aone mwenyewe bomba limebaki bila ganda, ndipo umkabidhi karatasi.