Kuku wamerudi kutaga, sasa tumshukuru nani?

Mwezi huu mmeniuliza swali moja ila kila mtu kalivalisha nguo yake. Mfuga kuku, mtu wa boda, muuza barafu, wote mnataka kujua "nitajuaje kama kinachosaidia ndo hiki na sio kingine?" Nimechukua barua nne. Yule kijana aliyeomba fomula ya kupata mchumba, mdogo wangu umepotea ukurasa.

Anko shikamoo. Nina kuku wa mayai 400, wana wiki 40 hivi, walikuwa wananipa trei 11 kwa siku mara ghafla zikashuka mpaka 8. Nilichanganyikiwa jamani. Wiki hiyo hiyo nikabadilisha chakula, nikawawekea vitamini kwenye maji, nikawapa dawa ya minyoo, jirani akasema mlonge ndo kiboko nikachanganya na unga wa mlonge, halafu nikaongeza masaa ya taa. Baada ya wiki mbili na kitu wamerudi trei 10. Sasa hela inaniishia, kipi niache? – Mama Kuku, Kibaha

Marahaba mama. Trei 11 ni mayai 330, kwa kuku 400 hiyo ni kama 82 kwa mia, na trei 8 ni 60 kwa mia, kwahiyo kuchanganyikiwa ulikuwa na haki kabisa. Ila umefanya tunachofanyaga wote tukibanwa, umerusha mawe matano kwa mkupuo embe limedondoka, sasa unaniuliza ni jiwe lipi. Hata mimi sijui mama. Na kuna jibu la sita hujaliandika, kwamba embe lilikuwa linadondoka lenyewe. Kuku wanashuka kwa joto, wanashuka wakikosa maji nusu siku tu, wanashuka mbwa akiwakurupusha usiku, halafu wanapanda wenyewe bila kuombwa. Na sisi dawa tunaanza siku mambo yameharibika kabisa, ndo maana karibu kila dawa huwa inaonekana imesaidia.

Nikupe kisa kidogo. Mwaka 1747 daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, James Lind, alikuwa na mabaharia wagonjwa wa kiseyeye, fizi zimevimba, miguu haina nguvu. Dawa za kusikia zilikuwa nyingi kama hizo za jirani yako. Yeye akachukua wagonjwa 12 ambao hali zao zinafanana, akawalaza sehemu moja, chakula kimoja, halafu akawagawa wawili wawili. Wawili siki, wawili maji ya bahari (ndio, maji ya bahari), wengine sida (kinywaji cha matofaa yaliyochachuka), wengine maji yenye matone ya asidi, wengine kamchanganyiko ka kitunguu saumu na vikorokoro vingine, na wawili wa mwisho machungwa mawili na limau moja kwa siku. Haikufika hata wiki matunda yakaisha, lakini mmoja wa wale wa machungwa alikuwa tayari anaweza kurudi kazini. Angewapa wote kila kitu kwa pamoja wangepona pia, na hadi leo labda tungekuwa tunasifia siki. Ingawa nao wakubwa wa jeshi la maji walichelewa sana, amri ya kugawa maji ya limau ilikuja 1795, Lind mwenyewe kashafariki.

Sasa turudi bandani. Taa iache iendelee. Kuku wa mayai anataka mwanga kama masaa 14 mpaka 16 kwa siku, jua letu linatoa 12 hivi, hilo limeshajulikana na isitoshe balbu huwezi kuigawa, itamulika pande zote. Dawa ya minyoo umeshawapa imeisha. Vimebaki chakula, vitamini na mlonge, na nakushauri uanze na vitamini maana ndo unayoinunua kila mara.

Weka wavu katikati ya banda, kuku 200 huku 200 huku, kila upande na vyombo vyake vya maji. Hapa kwenye kugawa ndo watu wengi wanaharibu, sikiliza. Usikamate 200 wa kwanza ukawatupa upande mmoja! Anayekamatika haraka ni yule mzembe, mgonjwa mgonjwa, wenye afya wanakukimbia, kwahiyo utajikuta upande mmoja umejaza wanyonge kabla hata hujaanza. Kamata mmoja peleka kulia, anayefuata kushoto, hivyo hivyo mpaka waishe, utachoka lakini ndo dawa. Upande gani upewe vitamini usichague wewe, rusha sarafu, maana najua utapendelea ule wenye hewa.

Wiki ya kwanza usiwape chochote cha ziada, hesabu tu mayai ya kila upande uandike kwenye daftari. Watu wanaruka hii wiki wanaona inapoteza muda wakati ndo inayokufundisha kuliko zote. Utaona upande mmoja leo umezidi mayai 5, kesho umepungukiwa 4, na hujafanya lolote. Hiyo ndo kelele ya kawaida ya banda lako. Baada ya hapo toa vitamini upande mmoja wiki tatu, chakula kile kile, muda ule ule, halafu badilisha, waliokuwa hawapati wapate wiki tatu nyingine. Ukiona tofauti ni mayai 4 au 5 kwa siku hiyo ni kelele ile ile, okoa hela yako. Ukiona upande wenye vitamini unazidi mayai 15 karibu kila siku, na ulipobadilisha upande ushindi nao ukahama, hapo sasa kaa chini upige hesabu bei ya mayai 15 na bei ya vitamini ya siku moja, maana kitu kinaweza kufanya kazi kweli na bado kikakutia hasara.

Ila ukiona wanakoroma, wanahara kijani au maganda yamekuwa laini, achana na wavu na daftari mpigie afisa mifugo siku hiyo hiyo.

Anko mambo. Stendi yetu kuna jamaa anauza kidonge unadumbukiza kwenye tangi eti mafuta yanatumika kidogo. Mimi nimeweka na naona kabisa tofauti, washkaji wananicheka. Nani yuko sawa? – Mtu wa boda, Mbagala

Poa kaka. Hata mimi ningeona tofauti, maana ukishatoa hela yako kwa kidonge unaanza kuendesha kwa upole bila kujua, huvuti moto hovyo, huovateki hovyo, unaipa gia mapema. Mafuta yanapungua kweli, ila aliyeyapunguza ni mkono wako.

Rothamsted, shamba la utafiti kule Uingereza, alikuwepo dada mmoja mtaalamu anaitwa Muriel Bristol, akasema yeye akionja chai anajua kama kikombe kilitangulia maziwa au ilitangulia chai. Mwenzake wa hapo hapo, Ronald Fisher, mwanzoni hakuamini kama washkaji zako, ila aliwaza namna ya kumpima, na mpango wenyewe baadaye akauweka kwenye kitabu chake cha 1935. Vikombe 8, vinne hivi vinne vile, vimechanganywa bila mpangilio, mwonjaji haoni vikimiminwa. Namna za kuchagua vikombe vinne kati ya nane ziko 70, kwahiyo wa kubahatisha tu ana nafasi moja kati ya 70 ya kupata vyote. Inasemekana yule dada alipata vyote.

Na wewe fanya hivyo hivyo. Tangi 8, nne zenye kidonge na nne bila, na anayedumbukiza awe shemeji nyumbani, aandike kwenye simu yake wewe usijue ni siku ipi. Jaza mafuta mpaka shingoni kwenye kituo kile kile, boda ikiwa imesimama kwa stendi kubwa, maana ikilalia ubavu lazima utadanganyika. Ukipiga kilomita zako jaza tena mpaka pale pale, lita zilizoingia ndo ulizokula. Kama mshale wa kilomita umekufa (najua umekufa) tumia ruti ambayo umbali wake unaujua. Siku ya mwisho fungueni hiyo simu mbele ya washkaji. Na yule muuza kidonge muulize tu kwa upole kama yuko tayari kuwepo.

Wewe Anko kila kitu majaribio majaribio. Mwanangu akiharisha nimgawe nusu? – Mama Wawili, Morogoro

Hahaha mama umenipata. Hapana, mtoto hagawanywi. Mpe maji ya chumvichumvi yale ya pakiti, mpe vidonge vya zinki, endelea kumnyonyesha au kumlisha, na ukiona macho yanadidimia, damu kwenye choo au hawezi kunywa, mbio kituo cha afya.

Ila jua kwanini nakujibu kwa haraka namna hii. Majaribio yalishafanywa na wengine kabla yetu. Dhaka, Bangladesh ya leo, mwaka 1968 wagonjwa wa kipindupindu walipewa maji ya chumvi na sukari ya kunywa wakapimwa vizuri, ikaonekana dripu inaweza kupungua sana. Halafu 1971 vita ikaleta wakimbizi wengi mno India, kwenye kambi ya Bangaon dripu zikaisha, daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na glukosi kwenye mapipa akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Pale hakugawa watu makundi mawili, na ningemshangaa angegawa. Jaribu pale ambapo hujui na kukosea kunavumilika, kama mlonge wa kuku. Penye jibu tayari, litumie.

Habari Anko, nauza ice cream za maziwa na barafu za ubuyu hapa Tanga. Bibi mmoja mzoefu kaniambia niweke maziwa kwenye friza yakiwa bado ya moto yanaganda haraka kuliko yaliyopoa. Mume wangu ni fundi friza anasema huo ni upuuzi na naharibu friza lake. Tumenuniana siku ya tatu. – Mama Barafu

Salama dada, na siku tatu nyingi kwa sababu ya maziwa. Bibi huyo hajalitoa hewani. Mwaka 1963 shule ya sekondari Magamba, huko huko mkoani kwenu, kijana Erasto Mpemba alikuwa anatengeneza ice cream na wenzie, nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania, akaona akisubiri maziwa yapoe atakosa, akayaweka ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yameganda, ya mwenzake aliyeweka bila kuchemsha bado uji. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Baadaye akakuta rafiki yake muuza ice cream Tanga mjini naye anaweka ya moto kwa makusudi! Akiwa Mkwawa Iringa akauliza tena, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba sio fizikia ya dunia, darasa likacheka weee. Akaja mgeni, Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu Dar, kijana akauliza tena, wenzie wakaona aibu, lakini mzee hakusema ndio wala hapana, aliporudi Dar akamwambia fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba kweli ya moto imetangulia, ila akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Mimi nilikaa maabara ya udongo miaka na huyo fundi namjua, amekaa ndani ya kila mmoja wetu, na nyumbani kwako yuko mmoja. 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha pamoja.

Lakini usimwonyeshe mumeo aya hiyo ukaishia hapo. Wanasayansi bado wanabishana. 2016 kuna watafiti Uingereza walirudia kwa makini wasione ya moto ikitangulia, na wakaonyesha kipimajoto kikisogea sentimita moja tu juu au chini kinaweza kukupa jibu la uongo. Kwenye friza la kweli kuna mambo mengine, ya moto inayeyusha utandu wa barafu chini yake ikagusa chuma vizuri, ya moto inapoteza maji kwa mvuke. Na mumeo naye ana hoja, joto lote hilo mota ndo inalitoa na LUKU ndo inalipa.

Nilijaribu mwenyewe kwenye friza la shemeji, nikawa nafungua kila dakika kumi kuchungulia, hadi jioni hakuna kilichoganda na samaki wake wameanza kulainika. Kwahiyo msifungue ovyo. Bakuli mbili zinazofanana, mpimie maziwa kwa kikombe kimoja, yote yachemshwe, moja ipoe nje kwanza, na saa ianze kuhesabiwa kila bakuli linapoingia frizani. Kesho yake mbadilishane nafasi, maana friza lina kona yake ya baridi zaidi. Fanyeni mara sita, na kabla ya ya kwanza mkubaliane "kuganda" ni nini, mimi ningesema kijiko kikisimama chenyewe. Kila mtu awe na karatasi yake, asichungulie ya mwenzie mpaka siku ya sita.