Re: Kuna mchungaji wa Kipresbiteri wa kijijini aliyepinga utumwa Marekani?

Ndugu, umeuliza kama walikuwepo kweli ama wote walikuwa wanahubiri tu "enyi watumwa, watiini mabwana zenu". Walikuwepo, anza na John Rankin. Kazaliwa Tennessee 1793, alipoanza kuusema utumwa mimbarini wazee wa kanisa wakamwambia kama ndo hivyo bora aondoke, akachunga Kentucky kidogo halafu 1822 akavuka mto Ohio na familia akakaa Ripley, mji mdogo tu wa mtoni, kanisa la pale akalichunga miaka 44.

Mi kinachonigusa zaidi ni ishu ya ndugu yake wa damu. Thomas alikuwa Virginia, akanunua watumwa, basi Rankin hakumstahi, kamwandikia barua moja baada ya nyingine, zikatoka kwenye gazeti la Ripley 1824 na kitabu 1826, mwishowe Thomas akawaachia huru.

Ila usidhani wote walikuwa hivyo, Charles Colcock Jones wa Georgia naye Mpresbiteri, aliwahubiria watumwa mashambani huku mwenyewe anamiliki watumwa!

Nyumba ya Rankin ilikuwa juu ya kilima, usiku taa inawaka dirishani hadi ng'ambo Kentucky, jimbo lenye utumwa (upande wa Ripley ulikatazwa), wanaiona, anayetoroka anajua aelekee wapi. 1838 kuna mama alivuka ule mto na mtoto mchanga mikononi, barafu ishaanza kuyeyuka inapasuka chini ya miguu, akapanda kilima mpaka kwa mchungaji, akakaushwa nguo na usiku uleule vijana wa Rankin wakampeleka mbele, kwenye maficho mengine.