Maswali na Majibu: Kuongoza Wahandisi wa Programu katika Chumba cha Habari

Nimepokea barua kadhaa kutoka kwa watu wanaotengeneza na kuendesha vyombo vya habari vya mtandaoni hapa Zanzibar, na moja kati ya hizo imeandikwa na mhariri. Nazijibu moja baada ya nyengine.

Miezi mitano iliyopita nilifanywa kiongozi wa timu ya wahandisi wanne katika kampuni ya habari mjini Unguja. Bado mimi ndiye ninayeandika msimbo, yaani maagizo ya programu, mwingi kuliko wote, nalala saa nane usiku, na wenzangu wananisubiri kwa kila jambo. Nimekosea wapi?

Ndugu yangu, umeendelea kuifanya kazi uliyosifiwa kwayo, ilhali kazi uliyopewa sasa ni nyengine. Ulipokuwa mhandisi, ulipimwa kwa ulichokiandika. Leo unapimwa kwa yale ambayo wenzako wanaweza kuyafanya bila ya kukuuliza. Kila unapoichukua kazi ngumu kwa sababu utaimaliza kwa siku mbili na kijana wako ataimaliza kwa sita, unaokoa siku nne za mwezi huu, na mwezi ujao, kazi kama hiyo itakapokuja, utakuwa bado ni wewe peke yako unayeijua.

Sisi tuliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tunakumbuka kukaa takriban miezi mitatu gizani kwa sababu umeme wa kisiwa kizima ulipitia waya mmoja chini ya bahari, na waya huo ukaharibika. Timu yako ina waya wa namna hiyo, nao ni kichwa chako. Chukua karatasi uandike mambo ambayo yangesimama ukipatwa na homa kwa wiki moja: nani anaweza kuiwasha upya seva (kompyuta inayoendesha tovuti), nani anajua nywila za malipo ya matangazo zinahifadhiwa wapi, nani amewahi kurejesha data kutoka kwenye nakala ya akiba kwa mikono yake mwenyewe. Kisha mpe kila mwenzako jambo moja kati ya hayo, ukae pembeni yake anapolifanya kwa mara ya kwanza, na mikono yako uiweke mbali na kibodi. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nami nakuomba ulivumilie. Msimbo usiuache kabisa, kwani kiongozi asiyeusoma huanza kuahidi yasiyowezekana, lakini jichagulie kazi ndogo ambazo hakuna anayezingoja.

Mimi ni mhariri. Kila ninachokitaka kwa wahandisi naambiwa nisubiri, na usiku wa kuandama mwezi tovuti yetu ilikwama. Je, hawa watu wanafanya kazi gani?

Bi Mhariri, uchungu wako ni wa haki, na nataka kiongozi wa wahandisi wako aisome sehemu hii pamoja nawe. Jioni ya tarehe 29 Ramadhani, baada ya magharibi, watu wa Unguja na Pemba, pamoja na jamaa zao walioko Oman na Uingereza, hufungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Tovuti nyingi hujenga ukurasa upya kwa kila msomaji anayeingia, kwa kuiuliza hifadhidata, yaani ghala la habari zote za tovuti, maswali yaleyale, na hifadhidata hulemewa ingawa jibu la wote ni moja. Dawa yake inajulikana: ukurasa uliokwisha kujengwa huhifadhiwa, na nakala yake hupewa wasomaji kwa muda maalumu kabla ya kujengwa mwengine. Wakija wasomaji 500 kwa sekunde na nakala ikadumu kwa sekunde 30, basi wasomaji 15,000 wamehudumiwa kwa kazi ya ukurasa mmoja.

Lakini hapo pana uamuzi usiokuwa wa kihandisi. Tangazo likitoka, wapo watakaoliona baada ya nusu dakika. Je, unaridhia sekunde 30, au unataka 5? Wewe ndiye unayejua, na kiongozi wa wahandisi ambaye hajawahi kukuuliza swali hilo ameamua mambo ya chumba cha habari bila ya mwenye chumba. Kaeni pamoja na kalenda. Usiku wa mwezi, Januari 12, siku za uchaguzi na siku za matokeo ya mitihani zinajulikana mapema, kwa hiyo siku tatu kabla ya kila moja yasiwekwe hewani mabadiliko yoyote, na awepo mhandisi wa zamu ambaye simu yake ina chaji.

Ama kuhusu kusubiri, waandikie orodha moja tu na uipange mwenyewe kwa mfuatano. Ukitaka jambo jipya lipande juu, sema ni lipi litakaloshuka. Wahandisi wakisikia neno "haraka" mara kumi kwa siku, hawatalitambua lile la kweli litakapokuja.

Habari iliyopangwa kutoka saa mbili usiku ilitoka saa nane usiku, watu wamelala. Mkurugenzi anataka nimpe jina la aliyekosea ili akatwe mshahara. Nimpe?

Mpe maelezo, na jina libaki kwako. Aliyepanga habari ile aliandika 2:00 kwa sababu katika lugha yetu saa mbili ni saa mbili. Mfumo unahesabu siku kuanzia usiku wa manane, hivyo kwake 2:00 ndiyo saa nane yetu ya usiku, na saa mbili ya usiku ni 20:00. Juu ya hayo, seva nyingi huhifadhi saa za UTC, yaani saa za pamoja za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa mbili hiyohiyo ndani yake imeandikwa 17:00. Muda mmoja una sura tatu, na fomu ya kupangia habari haikumwonesha mwandishi hata mojawapo waziwazi. Kosa hilo lilikuwa linamngoja yeyote.

Rekebisheni fomu ili kabla ya kuthibitisha isome kwa maneno kamili: siku, tarehe na saa mbili usiku. Tarehe isikosekane, maana hapa kwetu wengi wakisema usiku wa Ijumaa wanakusudia ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Mwambie mkurugenzi pia jambo nililoliona kwa macho yangu: katika ofisi moja niliyofanyia kazi, kijana alikatwa mshahara kwa kosa kama hilo, na tangu siku ile hakuna aliyetaja hitilafu kwa hiari yake. Tulikuja kuzijua kutoka kwa wasomaji.

Programu yetu ya simu imechelewa miezi miwili. Bosi anataka kuajiri wahandisi watatu zaidi ili tuwahi. Itasaidia?

Kwa kuwahi, haitasaidia. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 wa kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa huichelewesha zaidi. Wageni lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni walewale waliozidiwa. Tena, watu wanne wana njia sita za kuzungumza wawili wawili. Wakiwa saba, njia ni 21. Punguzeni mambo yatakayokuwamo katika toleo la kwanza, na ajira ifanywe kwa ajili ya mwakani.

Nafanya kazi nikiwa Chake Chake, wenzangu wote wako Mjini. Mara nyingi nakuta jambo limeshaamuliwa. Kiongozi wangu ni mtu mwema, nimwambieje?

Mwanangu, huenda hakuna aliyekusudia kukuacha. Watu wa ofisi moja hukutana barazani kwa kahawa, neno linapita, wanaafikiana, na wanaporudi kwenye meza zao wanaona jambo limekwisha. Mwombe mambo mawili. La kwanza, uamuzi wowote usihesabiwe kuwa ni uamuzi mpaka uandikwe mahali pa wote na wewe upate siku nzima ya kuujibu. La pili, katika vikao kila mmoja aingie kwa kompyuta yake, hata waliokaa bega kwa bega, ili usiwe wewe peke yako uliye sauti ya mbali.

Akiona ni jambo dogo, mweleze hoja aliyoichapisha Melvin Conway mwaka 1968: taasisi hubuni mifumo inayofanana na namna watu wake wanavyowasiliana. Ikiwa Chake Chake haizungumzi na Mjini, sehemu uliyoijenga wewe nayo haitapatana na sehemu walizojenga wao, na watakaoumia ni wasomaji. Mwambie pia apande boti aje Pemba akae nawe kazini siku mbili au tatu.

Mtu aliyenisomesha chuoni sasa yumo katika timu ninayoiongoza. Msimbo wake una makosa, na naona haya kumkosoa.

Haya yako ni adabu, usiiache. Yale madogo, kama mpangilio wa mistari na majina, yaachie mashine: wekeni ukaguzi wa otomatiki unaowapitia wote sawasawa, ili lisiwe neno la mtu kwa mtu. Yaliyo makubwa, mwendee faragha kabla ya kuandika chochote, nawe uliza kwa kutaja tukio: "Maalim, msomaji akibonyeza mara mbili mtandao ukiwa mzito, hapa itakuwaje?" Mwenye elimu akiulizwa hivyo huliona mwenyewe. Ila kabla ya hilo anza na wako. Mpelekee msimbo wako kesho asubuhi, mwombe akupitie, na atakachokikosoa ukirekebishe siku hiyohiyo mbele ya wenzako wote.