Binti anaenda bweni kwa masista? Someni hii kwanza

Nimesoma bweni kwa masista, shule ya wasichana watupu, na siku hizi wazazi na mabinti wananiuliza sana maisha ya kule yakoje. Swali linaanzaga hivihivi: wanasali sana? Ndiyo wanasali, asubuhi, jioni, misa, Kwaresima ndo usiseme, lakini sala siyo inayowashinda wasichana, ratiba mtu anaizoea haraka. Kinachowashinda wengi ni kuishi na watu. Huyu anaamka kabla ya kengele, yule anawasha tochi usiku kusoma, mwingine analia chini ya shuka kakumbuka kwao, na wote mna bomba lilelile, kamba moja ya kuanikia nguo na kioo kimoja. Hapo ndo maadili ya shule yanapopimwa jamani, siyo kwenye maneno yaliyochorwa getini.

Kwa hiyo binti, kabla ya kitu chochote, heshimu zamu yako. Kufagia, kuosha vyoo, kupanga viti kanisani, kugawa chakula. Kule kwetu mtu akiumwa jirani yake wa kitanda alikuwa anabeba zamu yake bila kusubiri matron aseme, na akipona hakuna anayemdai. Mimi imani ya wenzangu niliijulia hapo zaidi kuliko kwenye mahubiri. Unaweza ukaimba kwaya vizuri sana ila kama kila Jumamosi kichwa kinauma saa ya deki, wenzako wanaona, na uaminifu ukishapotea bwenini kuurudisha ni kazi kubwa.

Halafu kuna kununiana. Wasichana tukigombana mara nyingi hatupigani, tunanuna, tunajitenga kimakundi, mmoja anaachwa anakula peke yake wiki nzima na hajui kosa lake. Hii inaumiza kuliko watu wazima wanavyodhani. Dawa yake iko kwenye Injili, Mathayo 18 kuanzia mstari wa 15, na naipenda kwa sababu ni utaratibu kabisa: kwanza nenda kwa aliyekukosea mkiwa wawili tu, asiposikia chukua mtu mmoja au wawili, ikishindikana ndo ipelekwe kwa kanisa, na kwenu bwenini hiyo maana yake kiranja, matron au sista. Wengi tunaanzia mwisho, au tunawahadithia watu wote isipokuwa mhusika mwenyewe.

Ila naomba hapa nieleweke vizuri. Utaratibu huo ni wa ugomvi wa kawaida. Mtu mzima akikugusa vibaya, wakubwa wakikutesa, au mwenzako akisema anataka kujiua, hapo hamna cha kwenda wawili wala kutunza siri, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo, na wa kwanza akinyamaza mwambie mwingine, piga nyumbani. Akitokea wa kukwambia ufunge mdomo ili jina la shule lisichafuke usimsikilize. Hakuna upendo wa Kikristo unaotaka mtoto aumie kimyakimya.

Ukikuta kuna YCS, yaani wanafunzi vijana Wakristo, jiunge. Mle mnafundishwa njia ya tazama, amua, tenda, iliyotoka kwa padre Mbelgiji Joseph Cardijn aliyefanya kazi na vijana wa viwandani, na mwaka 1961 Papa Yohane XXIII akaitaja kabisa kwenye barua yake Mater et Magistra. Sisi tulitazama tukaona kuna wenzetu kila mwezi wanakosa masomo kwa kukosa taulo za kike na wanaona aibu kusema. Tukaweka boksi mahali pa faragha, mwenye nazo anaweka, asiye nazo anachukua, hakuna daftari wala kuandikwa jina. Kile kitu kilibadilisha bweni zima, manake mtu aliyeweka mwezi huu unaweza kukuta mwezi ujao ndo anachukua, na hakuna anayejua nani kachukua.

Kwa wasio Wakatoliki, wala msiogope. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 748, inakataza kumlazimisha mtu aipokee imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake. Kwenye misa unaweza kukaa kwa utulivu, komunyo huendi, basi. Kama una mfungo au sala zako uliza mapema zinapangiwaje nafasi, kabla ya kulipa ada, maana shule hazifanani.

Na wazazi, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulisema mwaka 1965 kwamba ninyi ndo walimu wa kwanza wa watoto wenu, kwa hiyo kumpeleka kwa masista siyo kumkabidhi moja kwa moja. Akipiga simu analia wiki ya kwanza msikimbilie kumtoa, ila msimkatize pia, msikilizeni mpaka amalize halafu mumuulize anakula na nani, anakaa na nani saa ya mapumziko. Akisema hana mtu, ongeeni na matron. Na mkienda kuiona shule kabla ya kuichagua ombeni kuongea na wasichana wenyewe bila mwalimu kuwepo, waulizeni wakigombana wanapatanaje na mgeni analala karibu na nani usiku wa kwanza. Waliozoea kutunzana watawajibu papo hapo, na mara nyingi watataja majina.