Tulikwenda Hamburg, Ujerumani, watu sita kutoka Lamu, nyinyi mnaokwenda sasa someni hapa kwanza

Assalam alaikum wadogo zangu. Naona tangu habari ienee kwamba kuna kikundi kingine kinajitayarisha kwenda Ulaya kwa mambo ya utamaduni, sipiti Mkunguni mbele ya ngome bila mtu kunishika mkono, "eti kaka, kule baridi vipi, eti chakula vipi, eti wale watu wana ubaguzi". Nimechoka kujibu mmoja mmoja, wacha niandike mara moja kisha mtumiane kwenye grupu lenu la wasap.

Kitu cha kwanza mjue, baridi haiwezi kuwaharibia safari. Mzungu pia hawezi. Mtakaoharibiana ni nyinyi kwa nyinyi. Sisi tulikuwa sita, fundi wa nakshi, mpiga zumari, dada wa piko (ile rangi nyeusi ya kuchora mikono), mama mmoja mshona kofia, kijana wa kirumbizi (mchezo wa fimbo) na mimi mkalimani, na wote tunajuana tangu chuo cha Kurani kwa mwalimu, lakini wallahi nawaambia mtu humjui mpaka mtumie bafu moja siku kumi na mbili. Kikundi kikubwa mtu akinuna anajificha nyuma ya wengine. Sita mtajificha wapi? Mmoja akikasirika meza nzima ya chai inajua.

Lakini tuanze na makaratasi manake hapo ndipo wengi mtakwama kabla hata hamjafika gati la Mokowe upande wa bara. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, kama unakwenda muda mfupi, haizidi siku 90 ndani ya siku 180. Maombi hayapokelewi kabla ya miezi 6 ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, lakini usiwe wewe ndiye wa siku 15 manake jibu lenyewe ni siku 15 na wakitaka kukuchunguza zaidi wanaweza kwenda mpaka 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili wazi, na iwe hai miezi 3 baada ya siku yako ya kutoka kule. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Halafu lazima uende Nairobi mwenyewe ukapigwe alama za vidole, huwezi kumtuma binamu yako, na ukishapigwa zinakaa kwenye mfumo wao miezi 59 kwa hiyo safari ya pili ni rahisi kidogo.

Kilichotutesa sisi lakini ni majina. Nyinyi mnajua kwetu mtu kitambulisho kimeandikwa Mohamed, cheti cha kuzaliwa Muhammad, cheti cha ndoa cha kadhi Mohammed, na kila mtu anaona sawa tu. Kule sio sawa. Mwenzetu mmoja barua ya mwaliko ilimwandika majina mawili, pasipoti ina matatu, na la katikati limeandikwa vingine kabisa, ikabidi wenyeji waandike barua upya, karibu tumwache. Basi hivi: siku ya kwanza kabisa kila mtu apige picha ukurasa wa pasipoti aitume kwa mmoja wenu, huyo mmoja ndiye awapelekee wenyeji majina, na yanakiliwe herufi kwa herufi. Mtu asitaje jina lake kwa mdomo kwenye simu. Kwa mdomo ndiyo sisi tulivyofanya.

Na vijana mnaofanya kazi ya mashua au ya ufundi, msiokuwa na payslipu, msiogope lakini msiende mikono mitupu. Wanachotaka kujua ni kwamba utarudi. Mimi nilibeba taarifa za M-Pesa za miezi sita, leseni ya biashara, cheti cha ndoa, na barua ya kikundi inayosema nina kazi gani. Fundi wa nakshi akabeba picha za milango aliyochonga na risiti za wateja wake, na ile ilimsaidia kuliko maneno.

Mizigo sasa. Fundi alitia patasi zake kwenye begi la mkononi, eti hamwamini mtu na vyombo vyake, nyingine ni za babake. Tukafika kwenye ukaguzi uwanja wa ndege Nairobi, begi likapita kwenye mashine, likarudishwa, likapita tena. Akafunguliwa pale pale mbele ya watu, patasi kumi na moja zimefungwa kwenye kikoi. Bahati tulikuwa tumefika mapema mno (hiyo ni kazi ya mama mshona kofia, alituamsha usiku wa manane), nikarudi naye mbio mpaka kaunta wakazipokea kama mzigo wa chini. Tungechelewa nusu saa zingebaki. Kitu chenye makali kinakwenda chini, na kitu cha maji, iwe mafuta au marashi, juu hakizidi mililita 100 kwa chupa.

Chakula cha kubeba watu hudanganyana sana. Nyama hairuhusiwi kuingia Ulaya, na vitu vya maziwa pia, hata iwe kidogo, hata iwe mamako ndiye aliyeipika. Matunda mengi yanataka cheti cha ukaguzi wa mimea, lakini matunda matano yamesamehewa: nanasi, nazi, tende, ndizi na lile durian ambalo kwetu halituhusu. Yaani nazi unapita nayo na embe linakwenda kwenye pipa. Tulibeba nazi nne na mbuzi ya kukunia, yule askari akaishika ile mbuzi anaigeuza geuza, nikamwonyesha kwa mikono mtu anavyokaa akakuna, akacheka mpaka akamwita mwenziwe. Lakini msije mkabeba kitu cha gamba la kasa (ng'amba) au pembe ya ndovu, hata kama ni pete ya nyanya, hiyo ni kesi. Na vitu vya kale vya nyumbani haviondoki Kenya bila kibali, waulizeni watu wa Makumbusho ya Taifa pale pale Lamu kabla hamjafunga sanduku.

Haya, tumefika. Siku ya tatu tulikuwa na kipindi shuleni, watoto wakae na fundi awaonyeshe kuchonga, mama awaonyeshe kofia. Mwenyeji wetu ni mama mzuri sana, amejifunza Kiswahili darasani, na kwa heshima akatuandikia ujumbe kwa Kiswahili, "kesho tukutane shuleni saa 8". Sisi tukasoma saa nane. Tukalala vizuri, tukanywa chai, dada akampaka piko mhudumu wa hosteli, saa saba tukaanza safari, saa nane kasoro tukafika mlangoni tumependeza na kanzu zetu. Kumbe yeye alimaanisha saa mbili asubuhi! Alihesabu vile kwao wanavyohesabu. Ametupigia simu asubuhi nzima na simu zetu hazina laini ya kule, tulikuwa tunategemea wifi ya hosteli na wifi yenyewe inashika kwenye ngazi tu. Watoto washaenda zao. Ukumbi umepangwa viti, kwenye meza kuna bakuli la biskuti halijaguswa. Kaka zangu, sijawahi kuona aibu kama ile, na ubaya ni kwamba hakuna aliyekosea. Tangu siku hiyo kila saa tuliiandika mara mbili, "saa 2 asubuhi, yaani 8:00", na laini ya simu ya kule tukanunua moja ya kikundi. Nyinyi nunueni siku ya kwanza.

Muda wa kule una mambo mengine pia. Tulikwenda mwezi wa sita. Huku kwetu jua linatua saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, mtu hata haangalii. Kule mwezi wa sita magharibi inaingia karibu saa nne usiku, na isha ndiyo karibu usiku wa manane. Mzee wa zumari siku ya kwanza alikaa dirishani anasubiri jua litue ndipo ale chakula cha usiku, kwa mazoea tu, mpaka njaa ikamshinda. Na kibla, sisi kwetu kibla ni kaskazini, ukimwambia baharia "kibla" ashajua ni upande gani, lakini kutoka Hamburg Makka iko kusini mashariki. Kijana wetu aliswali siku mbili ameelekea kaskazini barabara, yaani ameipa Makka mgongo, na dira ipo kwenye simu yake.

Udi! Hili linataka mstari wake. Ijumaa dada wa piko akachomeka chetezo chake cha umeme (na adapta yangu, soketi zao ni matundu mawili ya mviringo, bebeni adapta), akatia udi kidogo tu afukize nguo. Juu ya dari kuna kile kidude cha moshi. Dakika tatu hosteli nzima inalia, watu wanashuka ngazi na taulo, na gari la zimamoto likaja kweli, wanaume wenye helmeti wakaingia chumbani wakakuta mama mmoja amekaa kitandani anashona kofia, hajainuka hata. Aliwaambia "karibuni". Mwenyeji akazungumza nao yakaisha bila kulipishwa, lakini udi ulibaki kwenye sanduku mpaka tunarudi.

Kuhusu kutumbuiza, msiahidi msichoweza. Kwenye barua sisi tuliandika "goma na kirumbizi" kwa sababu linasikika vizuri. Goma ni safu ya wanaume na bakora zao, watu sita wanafanyaje goma? Na kirumbizi kwenye chumba chenye taa za kuning'inia, kijana alipoinua fimbo nikaona roho yangu inatoka. Tukapunguza, mzee akapiga zumari peke yake na mimi nikaeleza. Ukumbi kimya kabisa, hakuna kigelegele, hakuna mtu kutikisa hata kichwa, mzee akanigeukia katikati ya pumzi macho yananiuliza nimekosea wapi. Alipomaliza wakapiga makofi hayakatiki. Ndivyo wanavyosikiliza, mwambieni mapema msanii wenu asije akavunjika moyo akiwa jukwaani.

Na maswali yao, jamani. Mimi nilijitayarisha kuulizwa punda na jahazi. Mzee mmoja wa pale akaniuliza habari za Witu, ule mji wa bara karibu na Lamu. Nikababaika. Yeye anajua kwamba mwaka 1885 Sultani Ahmed Simba wa Witu alifanya mkataba na ndugu wawili wa Kijerumani, Denhardt, nchi ikawa chini ya ulinzi wao, na mwaka 1890 Wajerumani wakawaachia Waingereza kwenye mapatano yale yale waliyopewa kisiwa cha Helgoland, na mwaka huo huo Waingereza wakaichoma Witu. Akaniuliza, hiyo posta ya Wajerumani ya Lamu, ya 1888 mpaka 1891, jumba lake bado lipo? Lipo! Lipo Usita wa Mui, limefanywa makumbusho, nalipita kila siku nikienda sokoni na sijawahi kuingia. Mtu wa Hamburg ndiye aliyenionyesha nyumba ya jirani yangu. Nilivyorudi nilikwenda juma lile lile. Nyinyi nendeni kabla.

Sasa pesa, nimeiacha mwisho manake ndiyo iliyotugombanisha. Treni kule haina mtu mlangoni, unaingia tu, lakini mkaguzi akikukuta bila tiketi ni euro 60, na hasikilizi kwamba wewe ni mgeni. Zile tiketi za kikundi za kuzunguka jimbo siku nzima zinachukua watu mpaka watano. Sisi sita. Kila safari kuna mmoja yatima ananunuliwa tiketi yake, na ukiwa wewe ndiye yatima mara mbili mfululizo unaanza kuhesabu. Kwa hiyo mfuko mmoja wa pamoja, mweka hazina mmoja, daftari moja, na kila jioni mnahesabu mbele ya wote, hata kama ni senti. Sisi tulianza daftari siku ya tano, tumeshachelewa.

Na ugomvi wenyewe mkubwa ulikuwa wa chupa. Kule chupa ya maji ya plastiki unalipia senti 25 juu ya bei, ukirudisha tupu kwenye mashine ya dukani inakupa karatasi, kwenye kaunta unapewa pesa yako. (Soma chupa kabla hujanunua, nyingi ni maji ya gesi, mama alitema yote.) Kijana wa kirumbizi akagundua mchezo huu, akawa anakusanya chupa zetu zote kila usiku, sisi tunaona ana adabu, anasafisha chumba. Siku ya kumi tukamkuta na viatu vipya. Fundi akasema zile ni pesa za kikundi, kijana akasema mlizitupa nikaokota, mzee wa zumari akasema kwani chupa zilikuwa ngapi, na hapo likazuka jambo mpaka saa saba za usiku, watu wazima sita tunahesabu chupa za maji kwa vidole, kwa sauti ya chini manake baada ya saa nne ya usiku hawataki kelele.

Tuliafikiana kijana abaki na viatu na kila mtu aandikiwe senti zake. Daftari liko kwangu mpaka leo. Fundi ananidai euro 4 na nusu, kila tukikutana msikitini ananionyesha vidole vitano kisha anakikunja kimoja nusu.